Mteja Aliyehama Meza Yangu

Siku ya kuniaga pale benki, meneja alisema mbele ya watu kwamba naondoka na hazina ya uzoefu, akaniomba niwaandikie vijana chochote cha kuwasaidia kazini. Nadhani alisema vile kwa sababu spika ilikuwa bado inawaka na keki ilikuwa haijafika. Lakini mimi nimezoea kupokea maelekezo na kuyatekeleza, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja kwani havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za meza ya wateja, habari za kufungua akaunti, na habari za wivu, maana siwezi kueleza miaka yangu pale nikamwacha Kabula nje. Nimejaribu na imenishinda.

Mimi ni Mpimbwe, kabila la wenyeji wa huku. Nilipopanda Mpanda kuanza kazi, nilikabidhiwa kwa Mama Ndasi, mkuu wa makeshia wakati ule, mwanamke mfupi aliyevaa miwani kwenye kamba na asiyejua kunong'ona. Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipa sanduku la kadi za sahihi, akaniambia nipange kwa alfabeti, akaenda zake. Nilipanga mpaka jioni. Aliporudi aliangalia kadi za herufi M tu, ambazo huku kwetu ndizo nusu ya sanduku, akasema hizi zingine anaamini. Nikajua nimeajiriwa.

Kufungua akaunti wakati ule ilikuwa kazi ya mikono. Mteja analeta picha ndogo, barua ya kijiji yenye muhuri na wadhamini wawili, halafu anaweka dole gumba kwenye wino. Wakulima wa tumbaku walitusumbua sana, maana msimu wa kuvuna vidole vyao vilikuwa na gundi nyeusi ya majani isiyokubali wino. Mama Ndasi aliweka chupa ya mafuta ya taa na kitambaa chini ya meza kwa ajili yao. Baadaye zilipokuja mashine za alama za vidole, wale wale wakagomewa tena, kwa sababu jembe lilikuwa limewafuta mistari yote. Hapo dawa ni mafuta ya mgando. Mpake kidogo, afute, asubiri, ajaribu tena bila kukandamiza. Hiyo haimo kwenye mwongozo wowote mtakaoletewa kutoka makao makuu.

Jambo kubwa alilonifundisha Mama Ndasi ni la kuuliza kabla ya kugusa fomu. Alisema usimuulize mteja anataka akaunti gani, maana hajui, na wewe pia hujui. Muulize pesa itaingia kutoka wapi, na ikishaingia, nani mwingine ana mkono juu yake. Mke, kaka, chama cha msingi, benki nyingine, kampuni ya simu. Ukishajua mikono yote iliyonyooshwa, ndipo unajua akaunti ya kumfungulia. Nililishika hilo kama dini. Nikawa hodari wa maswali, na nalisema bila aibu kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Mtu akikaa mbele yangu, kabla kiti hakijapata joto, nilikuwa nimeshajua shida yake yote.

Halafu wakaniletea Kabula nimfundishe.

Alikuwa binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe zamani wakatulia upande wa Majimoto. Alikuja na cheti kizuri na kicheko kikubwa. Nilimfundisha kila nilichofundishwa: vidole, kadi, mpangilio wa faili. Yale maswali ya Mama Ndasi nilimwandikia kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na kalenda, na sidhani kama aliisoma tena. Alikuwa mzito wa kazi. Anaandika tarehe ya leo kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa, anacheka, anaanza fomu upya. Muda ambao mimi nahudumia wateja wanne, yeye bado anamuuliza wa kwanza mvua za kwao zikoje.

Wakampenda. Sijui nielezeje hili kwa mtu ambaye hakuliona. Meza zetu zilikuwa ubavu kwa ubavu, yangu ina kibao cha afisa mwandamizi, yake haina kitu. Asubuhi milango ikifunguliwa, benchi la upande wake linajaa, la kwangu linakaliwa na watu waliokosa nafasi. Nilimwambia mlinzi awagawe. Akarudi akaniambia wanasema hawana haraka, wanamsubiri dada. Hawana haraka! Watu wametoka Karema tangu alfajiri, gari la kurudi linawasubiri stendi, na hawana haraka.

Roho iliniuma. Nilijiambia ni lugha tu, kwa sababu wengi wa wateja wetu wapya walikuwa Wasukuma na yeye anawaongelesha kikwao. Basi nikaamua nijifunze. Nilikuwa napita kwa muuza nyama mmoja pale Makanyagio, Msukuma, ananifundisha salamu huku anakata mifupa. Siku moja nikamsalimia mzee mmoja kwa ile salamu ya asubuhi, "Mwangaluka," nikaona uso wake umechanua. Akanijibu maneno mengi sana, mimi nikabaki natabasamu. Aliponiona sijibu kitu, akainuka kwa heshima zote akahamia benchi la Kabula. Muuza nyama nilimhama mwezi ule ule.

Sasa nifike kwa Masanja, maana yeye ndiye niliyemkusudia.

Masanja alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Sitalike, na alinunua mchele kwa wakulima na kuupakia kwenda mjini. Mtu wa maana. Alikopa benki nyingine, siyo kwetu, akaweka dhamana mashine na kiwanja. Injini ikafa katikati ya msimu. Akakopa kwenye kikundi ili atengeneze injini, halafu akakopa kwenye simu ili alipe rejesho la kikundi, halafu akakopa tena kwenye simu ili alipe ule wa kwanza wa simu. Mnajua inavyokwenda. Mwisho gari la dalali lilipita na kipaza sauti kutangaza mnada, likataja jina lake lote na la baba yake, kuanzia Sitalike mpaka Nsemulwa ninakoishi. Mimi mwenyewe nililisikia nikiwa napiga pasi. Mashine ikauzwa, kiwanja kikauzwa, na bado deni halikwisha.

Huku kwetu watu wanaamini kwamba mtu aliyefanyiwa mnada amefungiwa benki zote za nchi. Wanaamini ukiingiza jina lake kwenye kompyuta, inapiga kelele. Kwa hiyo mtu akifilisika, anatumia akaunti ya shemeji au ya mtoto wa kaka, na shemeji naye ana shida zake, na mwaka unaofuata wanashtakiana kwa mwenyekiti wa kijiji. Masanja alifanya hivyo hivyo. Alikuwa amepata kazi ya udereva na ufundi kwenye kambi ya watalii upande wa hifadhi, kazi nzuri, na alipowapelekea namba ya akaunti ya shemeji yake wakaikataa. Jina la akaunti lazima liwe lake. Wakampa mpaka Ijumaa. Asipoleta, yupo dereva mwingine anasubiri getini.

Alikuja kwetu akakaa kwangu, kwa sababu benchi la Kabula lilikuwa limejaa. Kofia mkononi, sauti ya chini. Aliniuliza kama naweza kuangalia kwenye mtandao kama yeye bado yupo.

Nikamuuliza maswali ya Mama Ndasi. Pesa itaingia kutoka wapi? Mshahara wa kambini. Nani mwingine ana mkono juu yake? Akaizungusha kofia mikononi. Nikamsaidia. Nikamtajia ile benki nyingine, nikamwambia akaunti yako ya kule bado ipo, na chochote kitakachoingia kule kitakatwa, ndiyo sababu hutaki kuwapa kambini namba ile. Akakubali kwa kichwa. Nikamwambia na kikundi unadaiwa. Akakubali. Nikamwambia na laini hii unayotumia ina mikopo ya simu, tena zaidi ya mmoja. Akaangalia simu yake, kisha akaniangalia mimi.

Nikamweleza kila kitu, na nilieleza vizuri. Kwamba hajafungiwa. Kwamba deni la benki nyingine halimzuii kufungua kwetu akaunti ya kuanzia, ile ya kawaida kabisa isiyo na mkopo wala hundi, anachohitaji ni kitambulisho cha taifa na vidole vyake. Kwamba akaunti mpya siyo pango la kujificha, deni lipo na itabidi alipange na wanaomdai. Na kwamba jambo moja asifanye kabisa: asiiunganishe akaunti hii na ile laini yenye mikopo, kwa sababu akihamishia mshahara kwenye simu, simu itaula wote. Atumie kadi, au asajili laini mpya ya kampuni nyingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenielewa, anashukuru, anaomba akanunue maji kidogo, anarudi.

Alirudi kweli. Alirudi akaenda kukaa kwenye benchi la Kabula, mwisho kabisa, na kofia yake mkononi, na hakugeuka upande wangu hata kidogo. Kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu. Nilitaka kusimama nimwambie mzee, foleni yako ni hii, lakini meneja akaniita ofisini kwa habari za ripoti ya robo mwaka, na habari hizo huwa hazina mwisho.

Nilipotoka, Masanja alikuwa ameshaondoka. Nikamuuliza Kabula kama yule mteja wa Sitalike kapata akaunti. Akasema ndiyo, na namba ameshaituma kambini, mzee kafurahi sana. Nikamuuliza kama amemuunganishia simu. Akasema ndiyo, kama kawaida. Nikamwambia ampigie sasa hivi. Akapiga, hapatikani. Akapiga tena kesho yake na kesho kutwa. Kambi ile iko ndani ambako mtandao hauna habari nako, na Masanja alikuwa ameshaanza kazi.

Kabula aliishiwa rangi. Mimi, niseme lililo kweli, nilisikia raha. Siyo kwa ajili ya Masanja, masikini, bali kwa sababu hatimaye benchi lile lingeona tofauti ya meza na meza.

Mwisho wa mwezi mshahara uliingia. Masanja akapewa siku ya mapumziko, akaenda Sitalike kwa wakala, akafanya kama wanavyofanya watu wote wa huku: akafungua menyu ya simu, akavuta mshahara wote kutoka benki kuja kwenye laini yake, ili atoe kwa wakala. Ujumbe wa kupokea ukaingia. Ujumbe wa makato ukaufuata hapo hapo. Kilichobaki kisingenunua hata dagaa wa siku moja, na mke na watoto walikuwa wanamsubiri nje ya kibanda cha wakala na kikapu.

Alifika kwetu asubuhi iliyofuata juu ya lori la mbao. Nilikuwa nimeshajua, kwa sababu niliona pesa ilivyoingia na ilivyotoka. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilikuwa nimeweka sawa hata kiti.

Akapita mbele ya kiti akaenda kukaa benchi la Kabula.

Ilipofika zamu yake, akamweleza kwa Kiswahili, polepole, na mimi nilisikia kila neno. Hakugomba. Alisema amekuja kufunga akaunti na kambini haendi tena, maana gari la kambi linaondoka mchana ule kutoka stendi na asipokuwemo, basi wameshaweka mtu mwingine. "Bora nikalime vibarua, mayo," alisema. Alimwita mayo, yaani mama, binti wa umri wa kuwa mwanawe. "Kwenye kibarua napewa jioni, naiona kwa macho, natembea nayo mpaka nyumbani."

Kabula alimsikiliza, halafu machozi yakamtoka. Pale pale mezani, mbele ya benchi zima, afisa wa benki analia. Akasema, "Baba, ni mimi nimekosea. Sikukuuliza." Katika mwongozo hilo ni kosa, mteja haambiwi kosa la benki kabla meneja hajaarifiwa. Halafu akageuka kwangu.

"Mzee Kasanda, nisaidie. Nifanyeje asiache kazi?"

Nikamwambia amlete kwangu. Masanja akasema hapa panatosha. Kwa hiyo mimi, afisa mwandamizi, nilinyanyuka kutoka kwenye kiti changu nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Kabula, nikawa namsomea cha kufanya. Toa ile laini kwenye akaunti. Ingiza ombi la kadi. Kadi hatungoji ije kwa utaratibu wa wiki, zipo zile za papo hapo kwenye kabati la meneja, nikaenda nikaomba moja mwenyewe. Mfundishe namba ya siri. Mweleze kwamba Sitalike yupo wakala mwenye mashine ya kadi, atatoa pale bila kupitisha pesa kwenye simu.

Kisha nikaipigia ile benki nyingine, kwa mtu wa mikopo ambaye tulisoma naye kozi moja. Nikamweleza kwamba mdaiwa wake ana mshahara, na akiendelea kuogopa, watapata sifuri kila mwezi, lakini akiwekewa kiasi kidogo cha kudumu kinachotoka kwetu kwenda kwao baada ya mshahara kuingia, watapata kitu na yeye atakula. Mtu wa mikopo alizunguka zunguka, mwisho akakubali, akataka barua ya mteja. Kabula akaiandika, mimi nikaisahihisha, Masanja akaweka sahihi. Deni la simu, mshahara uliokwisha kuliwa ulikuwa umelipunguza sana, hilo lilikuwa la kheri. Kikundi alisema atakwenda kuongea nacho mwenyewe.

Mke na watoto walikuwa bado na mwezi mzima wa kula. Kabula akafungua pochi yake. Nilimwangalia kwa ukali, maana hilo nalo lina kifungu chake kwenye mwongozo, halafu na mimi nikaingiza mkono mfukoni, kwa sababu benchi lilikuwa linatazama.

Masanja akasimama. Akaitazama ile kadi pande zote mbili, akaiweka ndani ya kofia, akaivaa kofia. "Wabeja, mayo," akamwambia Kabula. Asante, mama. Mimi aliniinamishia kichwa. Akatoka akiwahi gari la kambi, na akaliwahi.

Basi kazi yake ikashika. Kila mwezi nilikuwa naona kiasi kile kidogo kinatoka kwetu kinakwenda kule, bila kuruka. Msimu wa mchele ulipofika, akaleta kiroba cha mchele mpya wa Mwamkulu, wa kunukia, akakiweka chini ya meza ya Kabula. Kabula alinigawia nusu, akisema kazi tulifanya wote. Niliupika nikaula kwa hasira. Ulikuwa mchele mzuri.

Miaka ile iliyobaki niliendelea kukaa ubavuni mwake. Benchi halikubadilika. Watu walilisikia lile kosa, habari za Mpanda hazikai mahali pamoja, na bado walimfuata yeye. Nilizidi kukonda kwa wivu. Mtu anakosea, mshahara wa mtu unaliwa, na foleni yake inaongezeka. Nilijiambia tena ni Kisukuma. Lakini Wapimbwe wenzangu, watu wa damu yangu, walikuwa wanakaa kwangu wakinisalimia vizuri, halafu wanauliza dada atarudi saa ngapi kutoka chakula cha mchana.

Juzi hapa, nikiwa mstaafu mwenye muda wa kupoteza, nilikwenda Makanyagio kutafuta bomba la pampu ya kumwagilia bustani. Ndani ya duka la vipuri nikamkuta Masanja ananunua mkanda wa mashine. Deni lile lilikwisha. Ameacha udereva, amenunua mashine ndogo ya kukoboa, iliyotumika, kwa pesa yake mwenyewe. Alinifurahia sana. Alinilipia soda nikiwa sijaomba, tukakaa kwenye ngazi za duka.

Nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali lile miaka yote na sikuona sababu ya kwenda nalo kaburini. Nikamwita ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma. "Ngosha, siku ile uliniaga unakwenda kununua maji. Kwa nini ulihama meza yangu?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Mzee, wewe ulikuwa unajua kila kitu. La benki ulilijua, la kikundi ulilijua, la simu ulilijua kabla sijafungua mdomo. Nilikaa pale naona bado napigiwa mnada, hata maneno yako ya mwisho hayakuniingia. Yule binti alikuwa hajui lolote. Akaniuliza mvua za Sitalike."

"Kwa hiyo ukamficha."

"Sikumficha. Hakuniuliza."

Nikamkumbusha kwamba kutokuuliza kule ndiko kulikomla mshahara, na mimi nilikuwa nimemwonya.

"Ulinionya, ndiyo. Ulisema kweli yote," alisema. "Lakini yeye alilia, mzee. Mashine imeuzwa, kiwanja kimeuzwa, jina la baba yangu limetangazwa na kipaza sauti, na hakuna mtu aliyewahi kulia. Hata mimi nilikuwa bado sijalia. Siku ile nilikwenda nikalia kwenye gari la kambi mpaka Sitalike, halafu nikaanza kazi."

Alimaliza soda yake, akanisaidia kuchagua bomba, akabishana bei na mwenye duka kwa niaba yangu, akaishusha. Nikarudi Nsemulwa kwa miguu na bomba langu begani, nikiwa na wivu mkubwa kuliko ule niliostaafu nao. Nilidhani nilikuwa namwonea Kabula wivu wa foleni. Kumbe hata lile kosa lake nalitamani.

Nyie vijana mtataka kujua mfanye nini akija mtu aliyefilisika anataka akaunti. Fanyeni hivi. Mfungulieni ile ya kuanzia, muulizeni nani mwingine ana mkono juu ya pesa yake, na laini yenye mkopo msiiunganishe. Hayo nayajua na nimewafundisha. Hilo lingine mimi sikuliweza. Muulizeni Kabula, bado yupo meza ile ile, ila mjiandae kusubiri.